Arusha au Moshi? Kwa unayekuja na kamera na una siku mbili tu

Kila likizo ikikaribia huwa napata ule ujumbe, safari hii umetoka kwa binamu yangu wa Dodoma, kanunua kamera yake ya kwanza ya maana alafu ananiandikia: "Dada shikamoo, nina Jumamosi na Jumapili tu, nataka kupiga picha za mji wenye historia, sitaki wanyama sitaki kupanda mlima, nataka mji wenyewe. Nije Arusha au nije Moshi?" Nikaanza kumjibu kwa voisi noti, nikajikuta nina dakika kumi na moja na hata nusu sijafika, nikasema basi bora niandike, asome yeye na asome mwingine yeyote anayejiuliza hilohilo.

Mimi nimezaliwa Moshi, Majengo, na Arusha nafanya kazi huu mwaka wa sita, ile barabara ya kilomita 80 hivi ya Usa River, Kikatiti na Boma Ng'ombe nimeipita mpaka najua mama yupi anauza ndizi wapi. Kwa hiyo sina mji ninaoupigia debe, miji yote ni ya kwangu. Ila kuuliza "upi mzuri" hakutakusaidia kitu. Jiulize unakuja mwezi gani, na unapenda kupiga nini, kuta au nchi. Maana Arusha historia yake kubwa imekaa ndani, kwenye kumbi, kwenye vyumba vya mikutano na kuta za makumbusho. Moshi imekaa nje, kwenye reli, kwenye vihamba (yale mashamba ya migomba ya Wachaga yanayozunguka nyumba), kwenye mti mmoja huko juu mlimani ambao nitausema. Ukilishika hilo mengine yanajipanga.

Alafu kitu cha pili kabla hatujaenda mbali: siku mbili sio siku mbili. Kwa mpiga picha siku mbili ni asubuhi mbili na jioni mbili, basi. Huku tuko karibu sana na ikweta, jua likishachomoza halizungukizunguki, linapanda moja kwa moja, saa 12 na nusu hivi limetoka (linacheza kidogo tu kwa mwaka, Novemba linawahi kama saa 12 na robo), na ikifika saa 3 ule mwanga wa njano umeshaisha, umebaki mweupe mkali unaomwekea mtu vivuli vyeusi machoni. Jioni unarudi kama saa 11, saa 12 na nusu giza linaingia. Una mianga minne tu mfukoni. Ndo maana watu wanaoniambia "nitalala Arusha Jumamosi, Jumapili asubuhi nikimbie Moshi" huwa nawakatalia kabisa, unachoma mwanga mmoja kati ya minne ukiwa umebanwa kwenye Coaster. Chagua mji mmoja.

Mlima, maana ndo unaowaangusha wengi

Watu wanakuja Moshi na picha moja kichwani, mtaa wa mji wa zamani alafu Kilimanjaro nyuma yake, nyeupe juu, mita 5,895. Picha hiyo ipo kweli. Lakini haipo mwaka mzima, na sababu sio mawingu peke yake.

Fikiria hivi. Ukisimama Moshi mjini, kilele cha Kibo kiko kaskazini kwako, moja kwa moja kabisa, kama kilomita 30. Arusha hivyohivyo, Mlima Meru uko kaskazini, karibu zaidi, kilomita 15 hivi kwa macho. Maana yake upande wa mlima unaouona wewe ni upande wa kusini. Sasa Desemba na Januari jua limehamia kusini, linachomozea kusini mashariki, linampiga mlima usoni, unaona kila bonde na kila mstari wa barafu. Juni na Julai jua limehamia kaskazini, linatokea nyuma ya bega la mlima, upande wako unabaki kivulini, hata siku isiyo na wingu unapata mlima wa bluu uliofifia kama umepigwa kwenye karatasi ya nailoni. Na mwezi wa sita na wa saba ndo ile baridi yetu na mawingu mazito yanayokaa chini siku nzima. Wanaopanda wanafurahia maana wao wako juu ya mawingu, we uko chini yake.

Hili nimelijua kwa kuumia. Mwaka wa kwanza na kamera nilichukua likizo mwezi wa saba nikaenda kulala Moshi siku tatu, kwenye nyumba ya wageni yenye paa la kupanda, niliomba ufunguo wa juu kwa yule kaka wa mapokezi na kila siku saa 11 alfajiri niko juu na shuka nimejifunika. Siku ya kwanza wingu. Ya pili wingu. Ya tatu mlima ukatoka kama dakika ishirini, nikapiga picha mia na kitu, nyumbani kufungua kwenye kompyuta zote zina ile rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nililia kidogo, sisemi uongo. Januari iliyofuata nikasimama barabara ya kwenda TPC, kwenye mashamba ya miwa, saa 12 na dakika 50, picha tatu, zote nzuri, mojawapo iko ukutani kwa mama mpaka leo.

Kwa hiyo kama mlima ndo moyo wa picha yako, Moshi, kati ya Desemba na Februari, na uwe umesimama mahali kabla jua halijatoka, maana ikifika saa 3 au 4 mawingu yanapanda yanaufunika, jioni wakati mwingine unafunguka tena. Meru wa Arusha nao unatoka vizuri miezi hiyohiyo ila kuuingiza na mji kwenye picha moja ni kazi, miti mingi na majengo marefu, mara nyingi unaupata vipandevipande.

Na kitu kimoja cha lenzi hapa, maana binamu yangu najua ana ile lenzi ndefu iliyokuja na kamera. Ukitaka mlima uonekane mkubwa juu ya nyumba usisogelee nyumba. Rudi nyuma, rudi sana, nenda kusini ya mji huko, alafu vuta na lenzi ndefu. Ukiwa karibu na lenzi pana nyumba inakuwa kubwa na Kilimanjaro inakuwa kichuguu.

Arusha, kuta na kumbi

Anza Mnara wa Saa. Kila mtu anaanzia pale na ni sawa tu, wanasema ndo nusu ya njia kati ya Cairo na Cape Town, we piga uondoke, maana uzuri uko barabara inayotoka pale kwenda kaskazini, Boma Road. Mwishoni mwake kuna Boma lenyewe la Wajerumani, la mwaka 1900, siku hizi ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Kuta nene nyeupe, uwanja katikati, miti. Wengi wanaingia wanaangalia wanyama waliokaushwa wanatoka. Mimi naomba uzipe kuta zile nusu saa nzima, kwa sababu Wajerumani walizijenga kwa kuwatumikisha kwa nguvu Waarusha na Wameru, baada ya mapigano yaliyoanza 1896 walipouawa wamisionari wawili kule Akeri. Ukilijua hilo hata unavyosimama kupiga picha unabadilika, hupigi tena ukuta mzuri mweupe, unapiga ukuta uliobebwa na migongo ya watu. Saa 4 asubuhi jua linaanza kuingia uwanjani kwa ubavu na vile vivuli vya matao vinalala chini, hapo ndo pa kukaa na kusubiri mtu apite.

Alafu Makumbusho ya Azimio la Arusha, kule upande wa Kaloleni karibu na mnara wa mwenge. Jengo dogo, la kawaida kabisa, unaweza kulipita hivihivi. Lakini ndani ya ukumbi ule ndo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa mwishoni mwa Januari 1967, na tarehe 5 Februari 1967 Azimio likatangazwa, na maisha ya baba zetu na mama zetu yakageuka, benki zikataifishwa, ujamaa ukaanza kuwa siasa ya nchi. Ukubwa wa jambo na udogo wa chumba, hiyo ndo picha. Picha nyingi mle zimewekwa nyuma ya kioo na shida ya kioo ni kwamba kinakupiga wewe mwenyewe, kwa hiyo vaa nguo nyeusi au ya bluu iliyoiva, simama kwa pembeni kidogo sio mbele kabisa, na usitumie flashi hata kama hakuna aliyekukataza. Mwanga wa dirishani unatosha, panda aiso (ile namba ya kamera ya kushika mwanga hafifu) mpaka 1600 au 3200, egemea ukuta, vuta pumzi, piga. Punje zikionekana kidogo hamna shida, chumba chenyewe cha zamani kinazibeba.

Tatu, AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa. Hapa ndo watu wananishangaa, "dada lile ni jengo la ofisi tu." Sio la ofisi tu. Lilijengwa liwe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, Jumuiya ikavunjika 1977, likageuzwa kituo cha mikutano mwaka uliofuata. Mabawa yake matatu yanaitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Ndani yake ikakaa ile mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015. Hapahapa Arusha mkataba wa amani ya Rwanda ulisainiwa Agosti 1993, na wa Burundi Agosti 2000, Mzee Mandela akiwepo, kazi aliyoirithi kwa Mwalimu Nyerere baada ya Mwalimu kufariki. Mimi nikisimama nje ya lile jengo jioni, zege lile la miaka ya 70 likipata rangi ya chungwa, nafikiria watu wangapi walipandisha zile ngazi wamebeba ushahidi wa ndugu zao. Sijui mji gani mwingine kwetu huku wenye jengo la aina hiyo.

Ila ruhusa. Nje kutoka barabarani ni jambo moja, kuingia na kamera kubwa ni jambo lingine, nenda getini, salimia, eleza, omba. Niliwahi kusimamishwa na mlinzi wa jengo moja mjini (sio hili) kwa sababu niliinua kamera bila kuuliza, akanikalisha kwenye benchi karibu saa nzima na akanifuta picha za asubuhi yote, zikiwemo za soko ambazo hazikumhusu. Alikosea kufuta za soko. Lakini mimi ndo nilianza kukosea, salamu moja tu ingeniokoa. Na majengo ya polisi, ya jeshi, ya ikulu ndogo, uwanja wa ndege, hayo usiyaelekezee kabisa, hata kwa simu.

Kwa mitaa ya kawaida zunguka Sokoine Road na vichochoro vyake, soko kuu asubuhi mapema wakati mizigo inashushwa, mwanga unaingia kwenye mabati kwa mistari na vumbi linauonyesha. Kama unakuja Oktoba kuelekea Novemba unazikuta jakaranda zimechanua, lami yote zambarau, hapo hata mimi nasahau historia napiga maua.

Moshi, nchi na reli

Moshi ya mjini ni mji uliozaliwa na reli. Moshi yenyewe ya kwanza ilikuwa huko juu, Old Moshi, kwa Mangi, yaani mtawala wa Wachaga. Reli ya kutoka Tanga ilipofika chini huku 1911 ndo biashara ikateremka, na jina likateremka nayo. Arusha ilibidi isubiri mpaka mwisho wa miaka ya 1920 kupata reli. Kwa hiyo stesheni ya Moshi kwangu ndo ukurasa wa kwanza wa mji. Treni ya abiria ilipotea miaka mingi, ikarudi Desemba 2019 na mwaka uliofuata ikafika tena Arusha. Uliza siku za treni kabla hujapanga safari, maana stesheni yenye treni na stesheni isiyo na treni ni picha mbili tofauti, ingawa nakuambia ile tupu nayo ina utamu wake, reli zinavyopotelea kwenye majani na yule mzee anayefagia. Mwone mkuu wa stesheni kwanza. Usikanyage reli kwa ajili ya picha.

Mjini mitaa imenyooka na kupita kwa miguu ni rahisi sana, dakika ishirini umekata mji. Maduka ya Wahindi ya zamani yenye vibaraza vilivyofunikwa mbele, mafundi cherehani wamekaa humo na mashine zao za kukanyaga. Vibaraza hivi ndo studio ya bure. Saa 6 mchana wakati kila mtu anasema mwanga umekufa, ndani ya kibaraza kuna mwanga laini unaorudi kutoka barabarani, unampiga fundi usoni kwa chini kidogo, na sura nyeusi zetu zinatoka na ule mng'ao wake. Kamera nyingi zikiona ukuta mweupe nyuma zinapunguza mwanga na mtu anakuwa kivuli, we ongeza mwangaza kidogo kwa mkono, pima uso sio ukuta.

Na usafi. Moshi ni mji msafi, watu wanatozwa faini kwa kutupa taka, na hili mpiga picha analiona kuliko mtu yeyote, hutumii nusu ya muda wako kukwepa mifuko na chupa kwenye fremu.

Pita na jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa cha tangu 1933, kabla yake kulikuwa na chama cha 1925. Kahawa ndo iliyosomesha babu zetu. Ukiweza kupanda kijijini wakati wa mavuno ukute mama anaanika kahawa kwenye vichanja, piga mikono, piga mikono tu, inasimulia yote.

Sasa Old Moshi. Unatoka mjini mpaka Kiboriloni, unapanda juu kwenye migomba, baridi inaanza, mifereji ya zamani ya Wachaga inapita pembeni ya njia na maji yanasikika. Huko ndo kuna mti ambao Wajerumani walimnyongea Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900, na viongozi wenzake. Huyu ndo aliyewashinda Wajerumani vitani 1892 kabla hawajarudi na nguvu kubwa mwaka uliofuata. Walimkata kichwa kikapelekwa Ujerumani, hivyo ndivyo wazee wanavyosimulia, na mpaka leo ndugu zake wanadai kirudi kizikwe.

Mara ya kwanza nafika pale nilikuta babu mmoja amekaa kwenye kigoda karibu, fimbo magotini. Nikaweka kamera kwenye begi kwanza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikataja ukoo, nikataja kijiji cha baba, akatikisa kichwa, akamjua shangazi yangu mmoja. Nikamwambia nimekuja kupiga picha ya mti na kama ataniruhusu nimpige na yeye.

"Piga mti kwanza peke yake. Usiniweke mimi hapo. Yule alisimama peke yake. Ukimaliza ndio uje unipige mimi, nikiwa nimekaa."

Nilifanya hivyohivyo. Picha ya mti ina mti na ukungu na basi. Picha ya babu amekaa, mkono mmoja juu ya mwingine, kucha zina udongo wa shamba, nyuma yake migomba imelowa. Nilimpelekea picha yake iliyosafishwa kwenye karatasi mwezi uliofuata, akaitazama muda mrefu akasema "aika mbee," mimi ndo nilipaswa kushukuru. Tangu hapo kila nikifika kwenye kaburi au mti au ukuta wa namna hiyo namsikia, piga wenyewe kwanza.

Kushuka kutoka huko kuna kitu kitakutokea: kamera imepoa juu, ukifika mjini kwenye joto la Moshi kioo kinajaa ukungu. Usifute na shati. Iache kwenye begi limefungwa kama dakika ishirini itajirudi.

Watu

Hapa miji inatofautiana kidogo. Arusha imezoea kamera za watalii, kwa hiyo machalii wa mjini wako fasta, wengine watakuuzia michoro, wengine watataka hela ya picha kabla hujainua mkono, na akina yeyo, wale mama wa Kimaasai wa shanga, wengi wana bei yao, haki yao, kubaliana kabla sio baada. Moshi watu ni wapole zaidi na kamera ila wanauliza zaidi. Sokoni Mbuyuni bibi mmoja aliniuliza "mjukuu wangu, unanipiga picha ya nini, mimi nauza magimbi tu," nikamwonyesha picha za mama wengine kwenye skrini, akacheka, akafunga kilemba vizuri, akasema haya sasa. Nilinunua magimbi. Nunua kitu, usije ukatembea soko zima na kamera ya mamilioni mikono mitupu.

Watoto, mzazi kwanza. Bila mzazi hamna picha.

Usalama ni wa kawaida wa miji, Arusha ongeza macho maeneo ya stendi na Kilombero, kamba ya kamera ikae mkononi imezungushwa na simu usiishikilie pembeni ya barabara pikipiki zinapopita. Moshi nimetulia zaidi ila begi sifungui wazi.

Hela, kulala, vitu vya kubeba

Haya mepesi. Kulala Moshi ni nafuu kidogo na kila kitu unakifikia kwa miguu, Arusha bodaboda itakula bajeti. Makumbusho Arusha yana kiingilio, Mtanzania analipa kidogo, beba kitambulisho. Old Moshi chukua mwenyeji wa kijijini umlipe, usiende kimyakimya. Arusha iko juu, mita 1,400 hivi, mwezi wa sita mpaka wa nane asubuhi ni baridi ya kweli, njoo na jaketi, Moshi iko chini na joto lake unalijua. Masika, Machi mpaka Mei, mimi binafsi simwiti mtu, ingawa kama unapenda lami iliyolowa na miamvuli sitakuzuia. Droni usibebe kama huna kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, utaharibu safari nzima. Betri mbili, memori kadi mbili, kitambaa, mfuko wa nailoni wa mvua. Stendi ya kamera iache, kwenye kumbi na masoko itakusumbua na inawaamsha walinzi wote.

Sasa wewe mdogo wangu

Umesema unakuja mwezi wa saba, wiki ya pili. Najua moyo wako uko Moshi kwa sababu ya bibi na kwa sababu ya ile picha ya ukutani kwa mama. Lakini Julai mlima hautakupa kitu, nimeshakueleza nilivyolia. Njoo Arusha. Mawingu yale yanayoua mlima ndo yanayofanya mwanga laini siku nzima kwenye mitaa, hupotezi saa za mchana, na kazi yako kubwa itakuwa ndani ya kuta ambako wingu halikuhusu. Jumamosi alfajiri soko kuu, saa 4 Boma, mchana Azimio, jioni nje ya AICC. Jumapili asubuhi mitaa ya Sokoine Road maduka yakiwa yamefungwa, milango ile ya mbao na makufuli, alafu tunaenda kula loshoro, ile ya Kimaasai ya mahindi na maziwa ya mgando.

Ingekuwa Januari ningekuambia kinyume kabisa na ningekulazimisha: Moshi, asubuhi ya kwanza barabara ya TPC, ya pili Old Moshi, mchana wote vibaraza, jioni stesheni. Hiyo tuiweke ya mwakani, na umwambie bibi mapema asiende Himo wikiendi hiyo, maana kuna picha yake nataka uipige wewe, mimi kila nikijaribu ananinunia.

Ijumaa ukipanda basi niambie limeondoka saa ngapi. Kwangu tunatoka saa 11 na nusu alfajiri, chaji betri zote mbili kabla hujalala, na vaa lile fulana lako jeusi kwa ajili ya vile vioo vya Azimio.